Hakusema ya Mtu

Bi Zena alifariki Jumatano asubuhi, maji ya chai yakiwa bado jikoni. Mumewe, Mzee Bashiru, alikuwa uani akipasua kuni. Alipoingia kumwambia maji yamechemka, alimkuta ameegemea ukuta, macho nusu wazi, mkono umeshika ncha ya ushungi. Akaketi chini kando yake. Akaketi mpaka maji yakakaukia sufuriani na moshi wa sufuria ukawaita majirani.

Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Songea imekaza. Ukungu ulikuwa haujaachia mabati ya mtaa wa Ruhuwiko, na turubai la msiba likafungwa humo humo ukunguni. Wanaume wakachukua majembe na sururu, wakaenda kuchimba. Shehe Iddi akasema maziko baada ya alasiri. Kila kitu kilikwenda kama msiba unavyokwenda, mpaka kikafika mahali kikasimama.

Nani atamwosha?

Kwa miaka ishirini na sita, mwanamke Mwislamu akifa Ruhuwiko, aliyeitwa ni Bi Zena. Mjimwema nao walimwita. Usiku, mvua, mfungo, alikwenda na mfuko wake wa kitambaa cha kaki: glovu alizoshona mwenyewe kwa shuka kuukuu, kitana, pamba, karafuu maiti, majani ya mkunazi yaliyokaushwa. Hakuwahi kusema leo siwezi. Wahenga walisema mwosha huoshwa. Wahenga hawakusema na nani.

Bashiru alikuwa chumba cha pili, ameketi kwenye mkeka. Aliwasikia wanawake wakizungumza.

"Yule mwosha wa mjini kaenda Tunduru, kwenye unyago wa mjukuu wake. Simu haipatikani."

"Mama Abdul, wewe si uliwahi kumsaidia?"

"Nilishika taa tu. Taa nayo ni kuosha? Na mimi mgongo huu."

"Mimi nanyonyesha."

"Toka lini kunyonyesha kukazuia mtu kuosha? Sema unaogopa."

"Naogopa, ndiyo. Wewe huogopi? Shika basi ndoo."

Halafu sauti moja, ya chini, ikasema: "Kakonda ghafla yule. Nani ajuaye alikuwa na nini? Atakayemwosha ndiye atakayetuambia."

Bashiru aliposikia maneno hayo, akainuka akafika mlangoni.

Tusimwache hapo mlangoni kabla hatujajua kilichomwinua.

Yeye na Zena walitoka Tunduru. Huko Bashiru alifyatua matofali na kuyachoma, na Zena akauza vitumbua. Walikuwa na mtoto mmoja, Saada. Saada alifariki akijifungua, na mtoto naye hakupona. Mwanamke mmoja akaitwa kumwosha. Akaosha vizuri, sanda ikakaa vizuri, watu wakashukuru.

Wiki ya pili Zena akaenda sokoni kununua samaki. Kwenye meza ya samaki kulikuwa na wanawake wawili wanasimuliana. Mwili ulikuwa hivi. Tumbo lilikuwa vile. Na huku, wallahi, palikuwa hivi. Zena akasimama na samaki mkononi akisikiliza, mpaka akatambua kuwa wanayemsimulia ni mwanawe. Akamrudisha samaki mezani. Akarudi nyumbani. Hakulia. Alimwambia mumewe, akimwita Che kwa heshima ya kwao: "Che Bashiru, wamemvua tena mwanangu. Safari hii sokoni."

Kiangazi hicho wakahama. Walipofika Songea, Zena akamtafuta bibi mmoja mwosha, akamwomba amfundishe. Mwaka mzima alimimina maji tu. Mwaka wa pili akapewa kushika mwili. Bashiru alimuuliza mara moja, kwa nini kazi ile. Alimjibu, "Ili wa mwenzangu asifike kwenye meza ya samaki."

Kazi ile ilimgharimu. Hapa Ruhuwiko alikuwa ameanza tena vitumbua, na watu walivipenda. Baada ya maiti ya kwanza, wateja wakapungua. Mkono ule ule, walisema, ndio unakanda unga. Baada ya ya tatu, beseni lilirudi limejaa kama lilivyotoka. Wakala vitumbua asubuhi, wakala mchana, wakala usiku. Zena alicheka.

"Kula, Che Bashiru. Nani kama wewe? Unakula vitumbua kama bwana harusi."

"Tumbo limejaa."

"Bwana harusi hasemi tumbo limejaa."

Wiki iliyofuata aliweka kikaango juu ya dari, akashika jembe. Mahindi na maharage, basi. Kwenye shughuli za watu alikaribishwa kukaa, hakukaribishwa kupika. Akipewa kisu cha kumenya vitunguu, mtu angekuja taratibu akakichukua: "Pumzika, Bi Zena, umechoka." Alijua. Alipumzika.

Akitoka kuosha, aliogea uani, akaja kukaa. Bashiru kila mara alimuuliza neno moja. Hakuwa mtu wa maneno, lakini hilo aliliuliza.

"Alikuwaje?"

"Mtu."

Basi. Awe tajiri, awe fukara, awe kafa kwa ugonjwa wenye jina au usio na jina, jibu lilikuwa hilo hilo. Mtu. Kisha anaomba chai.

Mara moja tu hakuomba chai. Ilikuwa siku aliyomwosha mke wa Abdulhamid, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ilisemwa mama yule alianguka ngazini. Zena alirudi, akaoga, akaoga tena, akakaa siku mbili hajala. Bashiru akamuuliza, alikuwaje. Akasema, "Mtu." Akauliza tena, akiona midomo yake imekauka. Akasema tena, "Mtu, Che Bashiru. Niache." Siku ya saba Abdulhamid akaleta doti ya kanga, shukrani ya kazi. Zena akaikunja, akaenda nayo mwenyewe mpaka dukani mchana kweupe, akaiweka juu ya kaunta, akaondoka.

Bashiru alilielewa hilo kwa namna yake. Aliwaza sana kama ilikuwa haki kunyamaza. Maiti ina siri yake, na aliyeifanya maiti naye amefichika ndani ya siri hiyo hiyo. Hakumwambia mkewe alivyowaza. Mpaka leo Bashiru hajui kama ilikuwa haki.

Sasa tumrudie mlangoni.

Bashiru alisimama mbele ya wanawake, kofia mkononi. Akasema, "Nitamwosha mimi."

Walitazamana.

"Mzee, wewe mwanamume," alisema Mama Abdul.

"Ni mke wangu."

"Hata hivyo, mzee. Watu watasemaje?"

"Mmeshaanza kusema."

Akaitwa Shehe Iddi, akasimama nje ya dirisha. Aliwasikiliza wote, akakohoa. "Wanawake ndio wa kwanza. Wakikosekana, mume yupo, na sheria inamruhusu. Mzee Bashiru, funga kitambaa mkononi, mwili usiuache wazi. Unajua taratibu?"

"Nimeishi na aliyezijua."

"Atakayekupa maji?"

Hapo kila mmoja akatazama vidole vya miguu yake. Kisha Shakila akasema, "Mimi." Shakila alikuwa mshona nguo wa nyumba ya pili, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeachika na kurudi kwao. Mwezi wa tano Bi Zena alikuwa ameanza kumfundisha. Kwenye maiti yake ya kwanza Shakila alitupa kopo, akakimbia mpaka barabarani bila viatu. Bi Zena hakumgombeza. Alimletea viatu vyake.

"Nitapitisha maji chini ya pazia," alisema Shakila. "Ndani siingii. Nisameheni."

Wakaweka kitanda cha kamba chumbani, wakachimba shimo la maji chini yake, wakatundika mashuka mawili mlangoni. Bashiru akabaki peke yake na mkewe.

Alizitazama glovu. Zena alizishona kwa kipimo cha vidole vyake mwenyewe, vyembamba. Mkono wa Bashiru haukuingia. Miaka arobaini ya tofali: kiganja kigumu, kimepasuka, kucha zimeliwa na udongo. Zamani, akimgusa shavu, Zena alikuwa akimkwepa akisema, "Mkono huo, Che Bashiru, kamwogeshee ng'ombe." Na mara moja alimwambia, bila mzaha, kwamba mkono wa kuosha maiti sharti uwe laini, maana maiti hawezi kusema unaniumiza. Bashiru akachana kipande cha shuka, akauzungushia mkono mara mbili, akaona bado, akauzungushia ya tatu. Akauchovya majini. Maji yalikuwa vuguvugu, kama alivyotaka Zena siku zote. Maji baridi, alisema, ni ya mtu asiyependwa.

Akaanza. Alichokumbuka alikifanya, asichokumbuka alisimama mpaka kikamjia. Mkono wake ulipita chini ya shuka, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kichwa. Upande wa kulia, wa kwanza siku zote.

"Babu, maji," ilisema sauti ya Shakila, na ndoo ikasukumwa chini ya pazia.

"Leta yenye mkunazi."

"Ndiyo hiyo, babu."

Alipofika mahali pa kumgeuza, hakuweza. Zena alikuwa amekonda, lakini maiti ni mzito. Alijaribu akiwa kulia, akajaribu akiwa kushoto. Alimshika kwa hofu, kama angemvunja. Jasho likamtoka pamoja na baridi ile.

"Shakila. Siwezi kumgeuza peke yangu."

Pazia halikutikisika.

"Akianguka hapa," alisema Bashiru, "atakuwa ameanguka mikononi mwangu."

Akasikia pumzi. Akasikia kandambili zikivuliwa. Kisha shuka likafunguka, Shakila akaingia akiwa amefumba macho, akapapasa ukingo wa kitanda.

"Fumbua. Ukifumba utamtupa."

Akafumbua. Wakamgeuza. Na hapo wote wawili wakaona.

Palikuwa na kitu mwilini mwa Zena. Bashiru aliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na minne hakuwa akikijua. Kilikuwa cha siku nyingi, na kilikuwa na maumivu yake. Ni kitu gani, hakisemwi hapa. Alikumbuka usiku aliokuwa akimwona ameketi, naye akimwambia, "Lala, naomba dua tu." Alificha ya watu, akaficha na yake.

Shakila alijiziba mdomo kwa kiganja. Bashiru hakumtazama. Alishusha shuka, akafunika, akaendelea kuosha. Baada ya muda alisema, "Maji," na Shakila akamimina. Kopo lilikuwa likigongana na ukingo wa ndoo, lakini alimimina mpaka mwisho.

Nywele za mwanamke aliyekufa husukwa misokoto mitatu. Bashiru hakuwahi kusuka kitu ila kamba ya kufungia tofali. Wa kwanza ulikaa. Wa pili akaufumua mara tatu. Shakila akanyoosha mkono.

"Nikusaidie, babu?"

"Acha. Huu ni wangu."

Wa tatu ulitoka umepinda. Akauacha hivyo. Kisha karafuu maiti, kisha pamba, kisha sanda, vipande vyake vitano. Alipofunika uso aliinama, akakaa kidogo. Shakila aligeukia ukutani.

Makaburini wanaume walikuwa wengi. Wengine walikuja kwa ajili ya Bashiru, wengine kwa desturi. Kijana mmoja wa bodaboda alimuuliza mwenzake, "Marehemu nani?" Mwenzake akasema, "Bibi mmoja, mke wa yule mzee wa matofali." Simu ya mtu ikalia, akasogea pembeni akaongea habari za saruji. Walimshusha, wakamlaza katika mwanandani, wakapanga mbao, wakafukia. Bashiru alitupa makonzi yake matatu ya udongo.

Baada ya dua, Shehe Iddi aligeuka. "Ndugu zangu, mnamshuhudia vipi marehemu wetu?"

"Mwema," walisema.

"Mnamshuhudia vipi?"

"Mwema."

Mara ya tatu vile vile. Sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Abdulhamid, amesimama mbele, kanzu nyeupe, kichwa juu.

Bashiru alisikia neno lile likipita juu ya kaburi kama upepo. Mwezi uliopita walilisema hapo hapo kwa mtu aliyewatoa mama yake na dada zake shambani kwa panga. Na yeye Bashiru alikuwepo, na yeye alisema mwema, kwani ungesema nini? Ni neno la kumsetiri mtu. Lakini wale ambao wangeweza kumshuhudia Zena hawakuwa pale. Wengi walikuwa chini, kuzunguka miguu ya watu hao, na waliobaki walikuwa nyumbani wanachambua mchele.

"Mzee, una neno?" Shehe Iddi alimuuliza, kwa heshima tu. Watu walikwisha anza kukung'uta udongo kwenye viatu.

Bashiru alifungua mdomo. Hakutegemea kwamba kitatoka kitu.

"Hakusema ya mtu," alisema.

Yalikuwa hayo tu. Lakini viatu viliacha kukung'utwa. Hapo palikuwa na waume ambao wake zao walipita mikononi mwa Zena. Palikuwa na watoto wa kiume ambao mama zao walikufa na vidonda vya kulala kitandani bila kugeuzwa. Palikuwa na baba aliyejua binti yake alikunywa nini. Kila mmoja alikuwa na siku yake, na kila mmoja alihesabu kwamba siku ile haijawahi kurudi kwake kutoka kinywa cha mtu. Mmoja akavua kofia. Mwingine akatazama pembeni. Abdulhamid alikuwa wa kwanza kuondoka, akikanyaga haraka kati ya makaburi, na hakuna aliyemfuata wala kumwita.

Shehe Iddi aliinua mikono akaomba dua nyingine, ndefu kuliko ya kwanza.

Siku ya tatu walisoma hitima. Pilau ilipikwa masufuria mawili, ikaliwa ikaisha. Vitumbua vya mkono wake walivikataa, pilau ya msiba wake waliila. Bashiru aliwaza hivyo, akamwomba Mungu msamaha, kisha akawaza hivyo tena.

Baada ya hapo alibaki na kazi moja: kusikiliza. Alikaa nje ya duka, alikaa kwenye baraza la msikiti, alipita taratibu kwenye bomba wanawake wakipanga ndoo. Alikuwa akisubiri. Shakila alikuwa ameona. Shakila mwoga, Shakila ambaye kwenye cherehani yake huketi wanawake watano wakimsubiri amalize upindo, na wanawake watano wana maswali. Bashiru alijua swali lao lilikuwa nini, alilisikia kwa masikio yake. Usiku alimwota Zena amesimama penye meza ya samaki.

Siku moja alipita nyuma ya nyumba ya kina Shakila akasikia cherehani imesimama.

"Wewe si uliingia ndani? Tuambie basi. Tupo wenyewe."

"Niliingia."

"Ehe?"

"Ehe nini? Shika hapo, upindo unapinda."

Cherehani ikaanza tena. Bashiru alisimama pale, mkono ukutani, mpaka miguu ikamchoka. Lakini moyo haukutua. Leo amenyamaza. Kesho?

Wiki moja baada ya arobaini, alfajiri, mtu akapiga hodi. Alikuwa mwanamke mgeni machoni pake, kitenge kimemlowa umande, ametoka Mjimwema kwa miguu.

"Shikamoo babu. Mimi naitwa Subira. Namtafuta Bi Zena. Mama yangu amefariki usiku."

"Marahaba. Pole. Zena hayupo. Amefariki naye."

Mwanamke yule alikaa kizingitini. Hakuuliza lini. Alisema, "Mama alituusia. Alisema nikifa mwiteni Bi Zena, msiniitie mwingine. Sasa nani, babu? Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa aibu. Nimwite nani?"

Bashiru alimtazama. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya mkewe, imekaa kizingitini, imelowa, inalia. Haikuwa na sifa. Ilikuwa na shida.

Aliingia ndani. Mfuko wa kaki ulikuwa msumarini, tangu siku ile hakuugusa. Akautoa, akavuka ua, akagonga kwa Shakila. Shakila alitoka na usingizi, akauona mfuko, akarudi nyuma hatua moja.

"Babu, mimi sitaweza."

"Kwangu uliweza."

"Kwako ulikuwepo."

"Huko siwezi kuwepo. Ni mama wa watu."

Alimnyooshea mfuko. Shakila akaugusa, na kwa muda haikujulikana nani ameushika. Kisha Bashiru akaachia. Shakila alijifunga ushungi, akatoka na Subira, wakashika njia ya Mjimwema.

Siku ile Bashiru hakula. Aliketi uani mpaka jua likateremka nyuma ya milima ya Matogoro na baridi ikarudi. Ndipo akamwona Shakila anaingia, nywele mbichi, ameshaoga kwao. Alianika zile glovu kwenye kamba ya Zena, moja, nyingine, akazibana na vibanio. Kisha akaja akachuchumaa mbele yake, kama alivyokuwa akichuchumaa Zena.

"Nimemaliza, babu."

Bashiru aliogopa kuuliza. Aliuliza.

"Alikuwaje?"

Shakila alifungua mdomo. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa yamejaa yale aliyoyaona. Akaufunga. Akatazama glovu zikidondosha maji.

"Mtu," alisema.

Bashiru aliitikia kwa kichwa, polepole. Aliinuka kwa kushika goti, akaenda jikoni kumwashia moto wa chai.